Chupa ya Kimchi na Jua la Ijumaa

— Fiona, imeandikwa uduvi. Uduvi! Naisoma hapa kwa macho yangu.

— Wapi?

— Kwenye chupa. Chini kabisa, maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Kabichi, chumvi, pilipili, vitunguu saumu, halafu uduvi.

— Hebu soma tena pole pole.

— Nimesoma mara nne!

Moraa alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, ghorofa ya pili, mtaa wa Small Heath, huko Ulaya, simu imebanwa begani na chupa ya mdomo mpana iko mkononi. Hata sare ya kazi hakuwa amevua. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka nyumba za wazee wa watu, huyu anamwogesha, yule anamlisha, na sasa miguu ilikuwa inamwaka. Lakini kukaa alishindwa. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akaiweka chupa, akaichukua tena.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Siku hiyo ya Desemba jua lingezama saa kumi kasoro dakika saba. Moraa na mama yake ni Wasabato wa kutoka Nyamira. Kwao, jua la Ijumaa likizama jiko linazimwa, na mambo yote ya shughuli yanafungwa mpaka kesho yake jioni, posa na mahari zikiwemo. Na hiyo kesho jioni, mara Sabato ikiisha, gari la kanisa lingempeleka Mama London kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo neno la Mama kuhusu Norbert, mchumba wa Moraa, lilikuwa limebakiwa na saa moja na dakika chache. Amkubali au amkatae, ni leo.

— Sasa mimi sisemi kitu, Fiona alisema.

Fiona alikuwa mfanyakazi mwenzake, mtu mwema aliyekubali kumshikia zamu ya jioni bila kuombwa mara mbili. Ila mdomo wake haukujua kupumzika.

— Sisemi kitu, lakini nilikuuliza tangu mwanzo. Mkongo wa Bukavu amejulia wapi mapishi ya Korea? Kwa nani?

— Kwa simu. Anaangalia video.

— Haya, kwa simu. Na uduvi ameambiwa na simu?

— Fiona!

— Tevin naye alikuwa na maelezo matamu. Ama umesahau?

Moraa hakuwa amesahau. Tevin aliimba besi katika kwaya ya kanisa lao, akafunga nao, akaomba nao. Wiki moja kabla ya harusi, Moraa aliletewa picha ya Tevin na mke wake wa ndoa huko Leicester, watoto wawili wamesimama mbele. Alipomwonyesha, Tevin aliitazama ile picha, akamtazama Moraa usoni, akasema huyo si yeye. Kule Nyamira Mama alikuwa ameshatangaza kanisani na wanawake wameshashona sare. Tangu hapo Mama alikuwa na neno moja tu: "Wa kanisa letu alinidanganya mchana kweupe. Atakayekuja, awe wa kanisa gani, mimi nataka mkweli. Na nitamwona mwenyewe."

Ndiyo sababu alipanda ndege akaja.

Na kimchi? Hiyo aliitaka Mama. Ana miaka sabini na moja na jicho moja haliko sawa, lakini tamthilia za Korea zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hazimpiti. Siku ya kwanza kuongea na Norbert kwenye simu, salamu hata hazijaisha, aliuliza:

— Kijana, wewe uko huko Ulaya. Ile kabichi nyekundu wanayokula wale Wakorea kila siku ina ladha gani?

— Mama, ukifika nitakupikia uonje mwenyewe.

Mama hali nyama, wala chochote cha majini kisicho na mapezi na magamba. Norbert akatafuta mpaka akapata kinachomfaa: kimchi ya kukaanga, na pembeni tofu, ile jibini ya soya, ya kuchemsha. Hakuna nyama. Hakuna samaki. Aliahidi.

Sasa uduvi!

Moraa akakata simu ya Fiona, akampigia Norbert. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akapiga tena.

Norbert alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kwenye karakana ya treni, Tyseley. Saa saba alileta vitu vyake, akavipanga mezani, akamwambia: "Usiguse kitu, chérie. Umetoka kazini. Lala hata dakika kumi." Kisha akaenda kituo cha mabasi cha Digbeth kumpokea Mama, aliyekuwa Leeds wiki nzima kwa binti wa dada yake.

Hata mara ya sita simu haikupokelewa. Moraa akaandika meseji:

"Norbert nimesoma chupa yako. Ulitaka kumlisha mama yangu uduvi. Na mimi nadhani ulishanilisha kwako mwezi uliopita. Mlete mama hadi mlangoni halafu uende zako. Usipande ngazi zangu."

Akatuma. Akazunguka jiko kwa zaidi ya nusu saa akingoja jibu, kisha akafungua kifuniko. Harufu ikamjia, kali, ya uchachu na vitunguu saumu, ile ile iliyomfanya mwezi uliopita aombe sahani ya pili. Machozi yakamtoka. Akaivuta ndoo ya taka kwa mguu, akaanza kumimina.

Kabichi nyekundu ikaanguka vipande vipande. Chupa ilikuwa imefika nusu aliposikia sauti ngazini. Rahmo wa nyumba ya chini alikuwa amewafungulia mlango wa nje, na alikuwa akimkaribisha Mama kwa sauti kubwa kana kwamba ni mama yake yeye.

— Pole pole Mama, sauti ya Norbert ilisema. Hapa ngazi imevunjika kidogo. Shika mkono yangu.

— Kijana, mimi napanda milima ya Nyamira na debe la maji kichwani. Hizi ni ngazi?

— Basi Mama, wewe nishike mimi, nisianguke.

Mama akacheka. Moraa alimsikia akicheka, na moyo ukazidi kumuuma.

Wakaingia. Mama alikuwa amevaa glavu za Norbert, kubwa, vidole vimening'inia. Skafu ya Norbert ilikuwa shingoni mwake, na simu ya Norbert mkononi, waya za kusikilizia zikiwa bado masikioni. Norbert mwenyewe alibeba mabegi mawili, mikono haina glavu, imekuwa ya kijivu kwa baridi.

— Moraa! Mbona hukulala? Niliacha nimekuambia nini?

— Simu yako inafanya nini kwa Mama?

— Bando yake iliisha kwenye barabara. Na ile série ilikuwa imefika pahali pabaya.

— Pabaya sana, Mama alisema akitoa waya masikioni. Yule msichana amegundua mchumba wake ana siri. Nipe kiti.

Akakaa. Akaitazama ndoo ya taka. Akaitazama chupa iliyo nusu. Akamtazama binti yake. Kisha alivua zile glavu kidole kimoja kimoja na kuzikunja vizuri juu ya paja.

Norbert alikuwa ameshageukia sinki, ananawa mikono.

— Ni saa ngapi?

— Saa tisa na robo, Moraa alijibu.

— Bien. Tuko na dakika thelathini na nane. Weka sufuria ya maji, tofu ichemke, mi nikate kitun...

Ameiona chupa.

— Kimchi imepungua.

— Imemwagwa.

— Nani ameimwaga?

— Mimi.

Norbert akasogea, akainama juu ya ndoo. Alikaa vile, ameinama, muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama ndoo.

— Kwa sababu gani?

— Soma hapo! Moraa akamsukumia chupa kifuani. Wewe unajua kusoma. Soma hapo chini umsomee na Mama.

Norbert akasoma. Uso ukabadilika, lakini si kama Moraa alivyotarajia.

— Moraa, hii ni chupa. Iliyo ndani si ya hii chupa.

— Ati?

— Ile ya dukani ilikwisha kitambo. Hii nimefanya mi mwenyewe. Chupa tu ndiyo ya zamani, niliosha na maji ya moto mara tatu. Sikukuwa na ingine kubwa.

— Unaona, Mama? Maelezo hayakosekani. Hata Tevin...

— Usiniite Tevin.

Alisema kwa sauti ya chini. Miaka miwili hajawahi kumsikia akiongea hivyo.

— Mama, nipe simu, pardon.

Norbert alitafuta kitu ndani yake, akaiweka simu mezani katikati yao. Ilikuwa video ya wiki tatu nyuma. Norbert yuko jikoni kwake, mifuko ya plastiki imefungwa mikononi badala ya glavu, anapaka pilipili kwenye majani ya kabichi, jani moja moja. Pembeni beseni la figili na vitunguu majani. Sauti ya Djo, anayepanga naye nyumba, inasikika nyuma ya simu ikicheka: "Yaani, Norbert! Unapaka kabichi mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga! Huyo mama mkwe akikukataa, mi nitaoa hii kabichi!" Na Norbert anajibu bila kuinua kichwa: "Acha kelele, leta ule uji wa mchele. Na ile sosi ya soya. Samaki hapana, chochote cha bahari hapana."

Video ikaisha.

— Moraa, Mama alisema.

— Bee, Mama.

— Fungua friji yako.

— Mama?

— Fungua. Hilo kopo la aiskrimu lina nini?

Moraa akainamisha kichwa.

— Maharagwe.

— Na hilo lililoandikwa siagi?

— Mchicha.

— Na huko nyumbani, ile mikebe yangu ya majani ya chai ina nini?

— Vifungo. Na... na vyeti vya kuzaliwa.

— Sasa wewe, mtoto wa nyumba hiyo, umesoma chupa ukaamini! Mama akapiga paja. Zile simu zako sikujua kuzipokea, na ile meseji yako niliisoma ndani ya basi. Ilijitokeza juu ya uso wa yule msichana wa tamthilia, kabla sijajua hata naitoaje.

— Uliisoma? Na hukusema kitu?

— Nilitaka kuona tukifika mlangoni utauliza au utahukumu.

— Meseji gani? Norbert aliuliza.

Akaichukua simu, akasoma. Alisoma akiwa amesimama, midomo inacheza kidogo. "Usipande ngazi zangu." Hayo aliyasoma kwa sauti, kisha akaiweka simu kifudifudi mezani, kwa adabu, kana kwamba isije ikavunjika.

— Wiki tatu, alisema. Kila siku nikitoka kazini nafungua kifuniko hewa itoke, Djo anapiga kelele nyumba inanuka. Lakini si hiyo. Moraa, miaka miwili unanipekua kama begi la uwanja wa ndege. Nikichelewa, unapekua. Nikinyamaza, unapekua. Na mi nasimama tu, mikono juu. Kweli nitashusha siku gani?

Moraa alikuwa amevaa bado viatu vya kazi, sare ina doa la uji wa mzee fulani, na pembeni yake ndoo imejaa jasho la mtu. Akamshika mkono. Ulikuwa bado baridi.

— Nisamehe, Norbert. Mbele ya Mama, nisamehe. Nimekosa.

— Jua, Mama alisema akionyesha dirisha. Mtaombana msamaha huku mnakata vitunguu. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Wakaanza. Norbert akaikata kimchi iliyobaki kwa mkasi, ndani ya bakuli, na juisi yake nyekundu akaitunza. Kitunguu kikaingia kwenye mafuta, kikalainika. Kimchi ikafuata, ikalia chwaaa, jiko zima likajaa harufu yake. Akatia kijiko cha sukari kupunguza uchachu. Moraa akabandika maji yenye chumvi, na yalipochemka akaitumbukiza tofu, pole pole kwa mwiko mpana, isivunjike. Kila mara alimtazama Norbert kwa pembe ya jicho, na kila mara alijisikia mwepesi zaidi. Amekosea! Kukosea hakujawahi kumfurahisha hivyo.

— Kumbe, alisema akicheka na kujifuta machozi kwa kiwiko, kumbe hata ile niliyokula kwako mwezi uliopita ulitengeneza wewe. Na mimi hapa nimekaa natapika moyoni bure! Ningejua ningeomba sahani ya tatu.

Norbert aliendelea kukoroga.

— Kijana, Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. Sogea nikuone vizuri na jicho langu zima. Nimekaa na wewe kwenye basi. Umenivalisha glavu zako, ukasema wewe huhisi baridi, na meno yako yanagongana. Yule mtu wa kwanza alikuwa na maneno ya mbinguni, na siku moja hakuwahi kuniuliza kama nimekula. Wewe umenifanyia kabichi wiki tatu. Kanisa lako si letu, hilo tutalizungumza na wazee. Lakini mimi nilisema nataka mkweli, na leo nimeona. Kwa hiyo, kabla jua halija...

— Mama, pardon. Usimalize.

Norbert akazima moto. Kimchi ikaendelea kulia kidogo, kisha ikanyamaza.

— Nini tena? Moraa aliuliza. Tuna dakika ishirini.

Norbert alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, na hakumtazama Mama. Alimtazama Moraa.

— Hii ya leo ni safi. Naapa mbele ya Mungu. Ile ya mwezi uliopita haikukuwa safi.

— Unasema nini?

— Ile ilikuwa ya dukani. Ya hii chupa. Sikusoma. Nilisoma kesho yake asubuhi, wakati ninaiosha. Ulikuwa umeshakula. Sahani mbili.

Moraa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji.

— Na ukanyamaza.

— Nilinyamaza.

— Mwezi mzima! Nimekaa na wewe mwezi mzima!

— Kila siku nilisema nitasema leo. Halafu naona uso wako, nakumbuka ile habari ya Leicester, nasema huyu akisikia ataniweka pahali pamoja na yule. Donc nikasema, nitafanya ingine, safi, nitalipa kwa kazi. Nikafanya. Nikaona nimelipa. Sasa hivi umeniomba msamaha, na mama yako anataka kunibariki, na mi nakoroga tu. Nimeona sijalipa kitu.

— Si ungenyamaza tu! Moraa alipaza sauti, na yeye mwenyewe hakujua kama ni hasira au ni nini. Nilikuwa nimeshaamini! Nimekuomba msamaha! Umeshinda! Mbona unaniambia sasa?

— Ndiyo sababu. Ulinishika mkono ukaomba msamaha kwa kosa langu. Ile nilishindwa kubeba.

Akaweka mwiko kwenye sahani. Akachukua koti lake lililokuwa mgongoni mwa kiti, lakini hakulivaa. Alilishika tu.

— Mama, nisamehe. Nilimlisha mtoto wako kitu mnachokataa, halafu nikaficha. Ukisema niende, niko nakwenda.

Mama akamgeukia Moraa.

— Mimi siolewi naye, alisema. Sema wewe. Lakini sema upesi, mwanangu, kwa sababu jua halina huruma na mtu.

Moraa akaenda dirishani. Chini, Barabara ya Coventry ilikuwa imejaa watu wa Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, akina mama na mifuko ya mboga, basi limesimama na dereva anamngojea bibi mmoja anayekimbia. Juu ya mapaa jua lilikuwa chini kabisa, jekundu, halina joto. Akarudi mezani. Akaenda tena dirishani.

Alimwona Tevin tena, sebuleni kwake, picha mkononi. Ushahidi wote uko pale, mke, watoto, tarehe, na bado anasema si yeye. Alimwona akisema hivyo bila kupepesa. Akamgeukia huyu, mwenye koti mkononi. Huyu hapakuwa na ushahidi wowote dhidi yake. Ushahidi ulikwisha kuoshwa kwa maji ya moto mara tatu. Yeye mwenyewe Moraa ndiye aliyemfungulia mlango wa kupitia, akamwambia pita. Akakataa kupita.

Hasira haikuondoka. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho hakikuwa na wasiwasi. Miaka miwili alikuwa akipekua akitafuta kitu cha namna hiyo, na sasa kimewekwa mezani bila kupekuliwa.

— Weka koti, alisema.

— Moraa...

— Weka hilo koti, Norbert. Bado nimekasirika. Nitakukasirikia Jumapili, Jumatatu, na pengine Jumanne. Lakini weka koti.

Akawasha jiko. Akachukua mwiko.

— Sasa nini kinafuata?

Norbert alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

— Nimekuuliza, kinafuata nini? Juisi?

— Juisi. Ndiyo, juisi, kidogo tu. Halafu mafuta ya simsim. Mwisho, mwisho kabisa, usiyaunguze.

— Wewe toa tofu. Kata vipande vinene. Na sikiliza. Usinifiche tena. Hata kidogo. Hata kama ni punje ya chumvi.

— Sitakuficha. Na wewe uniulize kabla ya kunihukumu. Hata kama ni punje ya chumvi.

— Nitakuuliza.

— Kwa sauti, si kwa meseji.

— Kwa sauti, mkaidi wewe!

— Mnakoroga au mnafunga ndoa? Mama aliuliza. Inaungua.

Haikuungua. Saa tisa na dakika arobaini na sita Moraa alizima moto. Norbert alipanga tofu nyeupe kuzunguka sahani, kipande kimelalia kipande, bado inafuka moshi, na katikati Moraa akaijaza ile kimchi nyekundu inayong'aa kwa mafuta, akanyunyiza simsim juu. Wali ulikuwa tayari kwenye sufuria, umefunikwa kwa kitambaa. Ilikuwa sahani ndogo kwa watu watatu, kwa sababu nusu yake ilikuwa kwenye ndoo.

— Leta nionje kabla ya sala, Mama alisema. Mungu anajua nimengoja miaka mingapi.

Norbert akamwekea kipande cha tofu kwenye kijiko, na kimchi juu yake, kama wanavyofanya. Mama akafumba macho. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena. Chozi moja likamtoka kwenye lile jicho zima.

— Mama? Ni mbaya?

— Huwa najiuliza kwa nini wale watu wanalia kila wakikaa mezani, alisema akijipepea kwa glavu. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe ni pilipili. Ongeza.

Wakacheka wote watatu, Norbert akicheka huku amejishika meza kama mgonjwa aliyepona ghafla. Moraa akamsogezea kiti kwa mguu. Alikisogeza karibu na chake.

— Simu yangu, Mama alisema. Moraa, nipigie mjomba wako. Upesi. Saa ngapi?

— Tisa na hamsini.

— Dakika tatu. Zinatosha.

Mjomba Mogaka alipokea huko Nyamira, na sauti yake ikajaa jikoni, akimwita Mama kwa jina lake.

— Kerubo! Kuna nini? Uko salama?

— Niko salama. Nakupigia habari ya Moraa. Kuhusu mahari na...

— Kerubo! Huku jua limeshazama! Nimeshafungua Sabato na watoto, Biblia iko mapajani. Usiniletee mahari!

— Huku kwangu bado liko dirishani, naliona. Wewe usiseme kitu. Sikiliza tu, hutakuwa na kosa.

— Kusikiliza ni kuzungumza!

— Basi nyamaza vizuri. Mwezi wa nne tutapokea wageni. Watu wa Kongo, wa Bukavu. Kijana nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa na kosa ambalo hakuna mtu angelijua, akalisema mwenyewe. Mimi nimemkubali. Neno langu nimelisema kabla ya jua, na wewe ni shahidi.

Upande wa pili wakasikia mtoto akikohoa, na jogoo wa mtu aliyekosea saa. Norbert alikuwa ameushika mkono wa Moraa chini ya meza, na safari hii wake ndio ulikuwa na joto.

— Kerubo, Mjomba alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

— Naam.

— Hao wageni ni wangapi?

— Si umesema huzungumzi?

— Sizungumzi. Nauliza ili nijue idadi ya kuwaombea.

Mama akamtazama Norbert. Norbert akahesabu kwa haraka, akainua vidole sita, akafikiri, akaongeza viwili.

— Wanane, Mama alisema. Waombee vizuri, na uwaombee waje na njaa.